Kikapu Changu Kiko Wapi?

Mji Mkongwe,
5 Mei 2024

Mdogo wangu Mjaka,

Salamu zitangulie, ugomvi utafuata nyuma taratibu kama kawaida yake. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mudrik kaota jino la kwanza na tangu limeota halijakaa bure, hata hivi nnavyokuandikia linafanya kazi kwenye bega langu. Wanu anakusalimu, keshatimiza miaka minne na sasa anataka aitwe Bi Wanu. Mume wangu Tahir yuko Bwejuu hotelini, anakuja Ijumaa, analala, anaondoka. Mvua ya masika inavuja ukumbini pale pale ilipovuja mwaka jana, na ndoo ni ile ile.

Nimesikia huko kambi ya polisi mmenyang'anywa simu. Kwa hivyo nnaandika barua kama bibi zetu, na Shamsi, dereva wa gari la maji, kaniahidi atakufikishia. Shamsi ni mtu mzuri ila anasahau. Ukiiona barua ina alama ya kiatu usiulize.

Sasa hali ya nyumba. Unajua mimi nnaishi kwa wakwe, na uliyempiga risasi, Machano, ni shemeji yangu. Basi tangu siku ile mama mkwe, Bi Salhiya, hasemi na mimi. Si kwamba kanyamaza. Anasema sana, ila anasema na paka.

"Paka, mwambie huyo aliyeko jikoni mchuzi umezidi chumvi."

Paka ananitazama, nami namtazama.

"Paka, mwambie mama nimeuonja, na kweli umezidi."

Paka keshanenepa kwa kazi ya utarishi.

Machano mwenyewe analala kifudifudi. Daktari kakitoa kile kipande cha risasi, lakini kidonda ni kirefu, na kiko pale pa kukalia, mahali ambapo mgeni akija kumjulia hali hawezi hata kuonyeshwa. Anakula kwa kusimama. Vespa yake ya mikate imeegeshwa ukumbini, Wanu anaipanda anapiga honi, na wateja wake wa alfajiri wanaanza kuzoea mikate ya mtu mwengine. Yeye bado anatania. "Shemeji," ananiambia, "ndugu yako ana shabaha. Katika mwili mzima kachagua penye nyama."

Hayo ndiyo ya kucheka. Yasiyo ya kucheka ni haya. Mtaani kunasemwa, na kituoni ndivyo ilivyoandikwa, kwamba Machano alipokuletea chai ya asubuhi pale lindoni aliuvuta mkanda wa bunduki yako kwa mzaha, ndipo ikalia. Kwamba kajitakia. Mimi nnajua nyinyi wawili mkikutana hamwishi kutaniana. Lakini mzaha wa Machano ni wa mdomo. Mkono wake ni wa mikate tu. Nikimuuliza ananiambia, "Mwenye bunduki ndiye mwenye habari," kisha anageuza uso ukutani.

Basi niambie wewe. Alivuta?

Dada yako,
Nassra

Tena: siku ile nilimpa Machano akuletee chai na mikate ya ufuta ndani ya kile kikapu cha ukili alichonisukia mama. Chupa ya chai imerudi, imebonyea ubavu. Kikapu hakijarudi. Kiko wapi?


Kambini,
19 Mei 2024

Dada Nassra, shikamoo.

Barua imefika, na alama ya kiatu imefika nayo. Mpe Mudrik pole ya jino, na bega lako pia. Mwambie Bi Wanu mjomba wake anamwamkia.

Mimi mzima. Huku ni kichaka na mawe, na chakula ni maharage. Jumapili, kwa kubadilisha, ni maharage na wali. Mkufunzi wetu ni mwanamke, Afande Riyama. Yeye mfupi, sauti yake ndiyo ndefu. Sote tulioletwa huku tumeletwa kwa sababu bunduki zetu zilisema bila kuulizwa. Mmoja kapiga tairi la gari la mkubwa wake. Mwengine kapiga tangi la maji, mtaa mzima ukaja na ndoo. Siku ya kwanza Afande Riyama alizikusanya bunduki zetu zote akatupa za mbao. Alisema hatatupa za chuma mpaka tuache kuwa hatari kwa za mbao.

Basi kila asubuhi tunapokezana vile vipande vya mbao kama watoto wanaocheza polisi na mwizi. Ukikosea unazunguka uwanja umekibeba kichwani. Mimi nimezunguka sana, dada. Uwanja huu naujua kuliko mtaa wetu.

Ama habari ya siku ile, iko mikononi mwa wakubwa, na tumeambiwa tusizungumze na watu wa upande wa pili. Wewe kwa kuolewa umekuwa upande wa pili. Usikasirike, si mimi niliyesema, ni utaratibu. Mwambie Machano nnamwombea dua. Mwambie pia mto wa sufi ni bora kuliko wa sponji.

Mvua huku imepungua. Mbu hawajapungua.

Mdogo wako,
Mjaka


Mji Mkongwe,
31 Mei 2024

Mjaka,

Marahaba. Nimeisoma barua yako nikiwa nnanyonyesha, nikaisoma tena nikiwa nnakaanga, ina mafuta sasa. Maharage yametajwa. Mbu wametajwa. Sufi imetajwa. Nililokuuliza halikutajwa.

Kwanza za nyumbani. Jino la pili la Mudrik limekuja na homa, sikulala, na asubuhi nikatia chumvi kwenye chai ya mama mkwe badala ya sukari.

"Paka, muulize, na mimi zamu yangu imefika?"

"Paka, mwambie mama aniwie radhi, sikufumba jicho."

Nikasikia kikombe kinawekwa chini. Halafu: "Paka, mwambie amlete huyo mtoto huku, akalale." Akambeba Mudrik mpaka adhuhuri, akimwimbia. Hivyo ndivyo tulivyo, mdogo wangu. Kaninunia mimi, mwanangu anambeba.

Mama yetu alikuja Jumatatu kutoka Bwejuu, mikono imechubuka kwa mwani, kaleta pweza mkavu. Yeye na Bi Salhiya walikaa barazani wakaulizana hali kwa adabu kubwa sana, ile adabu ya watu wanaotaka kung'oana macho. Mama akasema, "Mwanangu mimi hajapata kumpiga hata kuku." Bi Salhiya akamjibu, "Labda angeanzia kwa kuku." Nikaleta kahawa haraka.

Sasa Machano. Wiki iliyopita alichoka kulala, akaitoa vespa, akapakia mikate, akasema ataendesha kwa kusimama. Watu walimpigia makofi. Alifika kona ya pili. Alirudi anaisukuma, kanzu imeingia damu, na mikate yote iko vile vile. Hata hapo alitania, alisema kaona ni vyema awape wateja hamu.

Lakini juzi kaitwa kituoni. Kaambiwa kamati itakaa mwezi wa Julai kusikiliza jambo hili, na ikionekana kweli aliuvuta mkanda wa bunduki ya askari aliyeko kazini, basi yeye ndiye atakayeshtakiwa. Mtu kapigwa risasi, kisha ajibu kwa nini kapigwa. Mjaka, Machano alirudi nyumbani hakutania. Alisimama dirishani mpaka magharibi, na sote humu ndani tukawa tunatembea kwa ncha za vidole.

Mimi niliishia kidato cha pili, mambo ya kamati siyajui. Ila nnajua kwamba alivuta au hakuvuta si swali la wakubwa. Ni swali la mtu aliyekuwepo. Mlikuwa wawili. Mmoja kageuza uso ukutani, wa pili ananiandikia habari za maharage.

Wewe nimekubeba mgongoni kabla sijawabeba hawa. Sitakuacha. Lakini uongo sitakusaidia kuubeba, mgongo wangu sasa una mtu.

Kikapu changu kiko wapi?

Nassra


Kambini,
12 Juni 2024

Dada, shikamoo.

Shamsi kakaa na barua yako chini ya kiti mpaka ikanuka petroli. Nilipoisoma nikatamani angekaa nayo zaidi.

Hujui ilivyokuwa. Siku ile sajenti wetu alinifikia kabla gari la hospitali halijaja. Akaniambia, "Kijana, bunduki hailii bila sababu. Kama sababu si wewe, ni nani? Huyu jamaa ana mizaha. Aliuvuta mkanda, siyo?" Akanitazama mpaka nikatikisa kichwa kukubali. Mimi sikutamka neno, dada. Yeye ndiye aliyetamka, mimi nimetikisa kichwa tu. Kumbe kichwa nacho kinaandikwa.

Nikifukuzwa kazi, mama atatoka lini kwenye mwani? Nilimwahidi. Sema wewe.

Afande Riyama keshaturudishia bunduki za chuma, bila risasi. Anapita anatushtukiza, maana kidole hakitakiwi kugusa kifyatulio: "Kidole kiko wapi?" Tukiwa tunakula, "Kidole kiko wapi?" Jana kamuuliza mpishi, mpishi kaangusha upawa.

Idi njema nyote. Wabusu watoto.

Mjaka

Kikapu kipo.


Mji Mkongwe,
21 Juni 2024

Mjaka,

Marahaba, na Idi yako imefika. Huku tumekula, tumevaa, Wanu kamwaga juisi kwenye gauni jipya kabla ya sala kwisha. Tahir alikaa siku mbili nzima, majirani wakadhani tuna mgeni.

Kikapu kipo. Nimefurahi, kumbe unaweza kujibu. Lakini nikajiuliza, kama kipo, kwa nini kikae kambini? Chupa ya chai uliirudisha. Mtu hafichi kikapu cha ukili msimu mzima kwa kukipenda. Basi siku ya pili ya Idi nikamchukulia Machano sahani ya halua, nikasimama mlangoni asipate pa kupita.

"Shemeji, kikapu kina nini?"

"Kikapu gani?"

"Machano."

"Kikapu kina mikono miwili na kitako kizima. Kinanishinda."

Nikamtazama tu. Akaipapasa halua asiile.

"Niulize kingine, shemeji."

"Sina kingine."

"Haya. Nikiisema habari ya kikapu, mama atauliza ni kikapu cha nani. Akishajua ni chako, kwamba kilitoka jikoni kwako, wewe utakaa wapi humu ndani? Mimi nshapigwa, nitapona. Wewe ndiye unayeishi hapa."

Hapo nikafahamu. Mtu mzima analala kifudifudi, yuko tayari kushtakiwa, ili mimi nisizidi kununiwa. Nilitaka kulia ila nilikuwa na mtoto mkononi na chungu motoni, nikaona nitalia baadaye. Mpaka leo sijapata nafasi.

Nikaenda kwa mama mkwe. Alikuwa anachambua mchele, paka kalala katikati yetu. Nikamwambia, "Mama, sijui kilichotokea lindoni, lakini kikapu changu kimo ndani yake. Mimi ndiye niliyekituma." Akaendelea kuchambua. Akatoa jiwe, akalitazama, akalitupa. Nikamsubiri aseme na paka.

Hakusema na paka. Alinitazama mimi. "Kikapu ni cha kwendea sokoni," alisema. "Aliyekitia kwenye bunduki ndiye atakayejibu." Paka akainuka akaenda zake; kaona kazi yake imekwisha.

Kamati ni tarehe tisa Julai. Mimi nitakuwepo, na wanangu wawili na uji wao. Lako sitalisema, lako ni lako. Nitakaa kwenye benchi unione. Ukitaka kutikisa kichwa tena, tikisa ukinitazama mimi.

Kazi ikienda, imekwenda. Mama alikuwa analima mwani kabla wewe hujavaa kofia ya serikali, na una mikono miwili, utamsaidia. Wewe unaweza kupata kazi nyengine. Machano hawezi kupata pengine pa kukalia.

Dada yako anayekupenda, usisahau hilo unapokasirika,
Nassra


Kambini,
4 Julai 2024

Dada, shikamoo.

Leo sitaji maharage.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Machano kafika na vespa, kanipa kikapu. Mkono mmoja nikashika kikombe, wa pili mkate, na bunduki ilikuwa inaning'inia begani, mdomo chini. Chini kote maji. Nikaona kikapu cha mama kitaloa. Basi nikakitundika kwenye bunduki.

Umesoma sawasawa. Nilikitundika, na chupa ya chai ndani yake. Wala haikuwa mara ya kwanza. Sote lindoni tunatundika: kofia, koti la mvua, mwenzangu mmoja aliwahi kutundika samaki. Machano akaniuliza, "Shemeji, hiyo bunduki au kabati?" Nikamjibu, "Kabati la serikali." Tukacheka. Akanipa mgongo aipige vespa teke iwake. Mimi nikainama kuuma mkate, mdomo wa bunduki ukainuka ukaelekea ukutani. Mkono wa kikapu ulikuwa umeingia kwenye kifyatulio, na chupa ni nzito.

Aliyenipokeza zamu aliniachia risasi ndani ya mtutu na kufuli la usalama limefunguliwa. Ukipokea bunduki unaifungua, unaitazama, unaifunga, mwenzako anashuhudia. Hilo ndilo tunalozungukia uwanja hapa. Mimi niliipokea kama mtu anavyopokea mtoto aliyelala, nisimwamshe. Tangu nitoke chuoni sikuwahi kufyatua hata moja, na hakuna aliyeniuliza kama nnakumbuka. Hayo siyasemi kujikosha. Begani ilikuwa kwangu.

Risasi ilipiga jiwe la ukuta, kipande kikarudi. Machano akaanguka juu ya mikate yake. Akanitazama akasema, "Kabati lako limefunguka." Kisha akazimia.

Sasa nikwambie lile ambalo hata Machano halijui. Nilikificha kikapu kwanza. Kabla sijamgusa yeye, kabla sijaita mtu. Mikono yangu ilikwenda kwenye kikapu kabla haijakwenda kwake. Ndilo linaloninyima usingizi, si mbu.

Jana nimemwambia Afande Riyama. Nilingoja ile sauti ndefu. Alisema neno moja, "Kilete."

Tarehe tisa sajenti atakuwepo. Akinitazama tena vile, dada, sijui kichwa changu kitafanya nini. Nnakwambia kweli, sijui.

Mjaka


Mji Mkongwe,
12 Julai 2024

Mjaka,

Marahaba. Barua yako ya tarehe nne imenifikia leo. Shamsi aliiweka chini ya jeki ya gari isipeperuke. Kwa hivyo ujue kwamba siku ile nilipokaa kwenye benchi sikuwa nnajua lolote. Nilikuona unaingia na kikapu changu mkononi, nikasema huyu anakwenda sokoni au vipi.

Kwa kuwa tulikatazwa kusemezana, nikueleze nilivyoona mimi, maana wewe ulikuwa umekauka kama pweza wa mama.

Machano aliitwa wa kwanza. Mwenyekiti akamwambia, "Kaa, ndugu yangu." Machano akajibu, "Ningependa sana, mheshimiwa." Watu wakacheka mpaka mlinzi wa mlangoni. Bi Salhiya hakucheka. Nilikuwa karibu naye, nikaona mkono wake umeukamata ushungi kama mtu anayeshika kamba. Machano akaulizwa kama aliuvuta mkanda. Akasema hapana. Akaulizwa nani shahidi wake. Akakunyooshea wewe kidole, kwa heshima, kama anayemkaribisha mtu chakula.

Sajenti alikuwa mstari wa mbele, anakutazama. Nilimwona. Na wewe ulimwona.

Kisha Afande Riyama akainuka, kweli mfupi. Akaifungua bunduki, akampitishia kila mmoja aone haina kitu, akakupa. Ukaitia begani. Ukakitundika kikapu changu, akatia ndani chupa ya chai iliyojaa, akakwambia, "Inama ule mkate." Ukainama na mkate huna. Ikalia "ta". Sauti ndogo tu, kama mtu aliyegonga ulimi. Hapo hakucheka mtu.

Ukainuka, ukasema, "Machano hakuvuta. Hakunigusa. Mimi niliulizwa nikatikisa kichwa, na kilichoandikwa ni uongo. Na nilikificha kikapu kabla sijamsaidia." Ulikuwa unanitazama mimi. Mudrik alikuwa ananing'ata bega na meno yake yote manne, sikuhisi mpaka nilipofika nyumbani.

Nimeambiwa umesimamishwa kazi, na bunduki hutaishika mpaka ufuzu upya, ikiwa watakurudisha. Sajenti naye kaitwa ajieleze. Machano kafutiwa lawama, na matibabu yake watayabeba wenye bunduki. Afande Riyama kaomba kila lindo lipigiliwe msumari ukutani, askari wapate pa kutundikia vitu vyao. Mwenyekiti alidhani anatania. Akamwambia, "Mheshimiwa, mimi huwa sitanii."

Sasa hukumu ya pili, ya nyumbani, ambayo haina rufaa. Tulipokuwa tunarudi, Bi Salhiya akaanza, "Mwambie ndugu yako." Nikageuka kumtafuta paka. Akasema, "Nnasema na wewe. Mwambie mikate haijiuzi. Vespa ipo ukumbini. Aje alfajiri aichukue mlangoni, aipitishe mitaa yote ya Machano, mpaka Machano aweze mwenyewe. Na ndani asiingie. Siku mwanangu atakapokaa kitako, na yeye ataingia akae."

Nikamwambia, "Mama, Mjaka hajui sana kuendesha vespa."

"Na bunduki alikuwa anajua?"

Basi uje. Kikapu changu kitashushwa dirishani kwa kamba, utie mikate yetu humo. Kimerudi salama, ila mkono mmoja umelegea. Nimeushona.

Umenitia aibu miezi miwili, na siku ile ukaniondoshea kwa kupumua mara moja. Usinifanyie tena.

Nassra


Chini ya dirisha lenu,
6 Agosti 2024

Dada, shikamoo.

Nnakuandikia nimeegemea vespa, maana Bi Salhiya anakishusha kikapu, anakipandisha, na hanisemeshi. Leo nimeitumbukiza karatasi hii chini ya mikate. Akiiona kabla yako, mpe shikamoo yangu na umwambie mwandiko ni mbaya kwa sababu sina meza.

Nnalala kwa rafiki yangu huko Chukwani, nnaamka kabla ya adhana. Mitaa yote ishanijua. Nikipita wanaitana madirishani, "Kabati la serikali hilo!" Kuna bibi mmoja kule nyuma ya soko hachukui mkate mpaka nimwonyeshe vidole vyote kumi. Wateja wa Machano wamerudi ila mmoja, anasema nnapiga honi kama mtu anayeomba msaada. Nimeanguka mara moja. Mikate nimeilipa, usiulize.

Afande Riyama kaniletea salamu. Anataka mama amsukie kikapu cha kufundishia, kiwe na mikono mirefu kama chako. Mama kakubali, kaanza kusuka, na anamwambia kila mtu Bwejuu kwamba mwanawe anatumiwa kufundishia polisi wote.

Sijui kama watanirudisha kazini. Nikirudishwa, nitakuwa yule anayewachosha wenzake kwa kuifungua, kuitazama na kuifunga. Nisiporudishwa, mikate naijua sasa.

Machano anaendeleaje? Nnauliza kwa ajili yake, si kwa ajili ya kuingia ndani. Na kidogo kwa ajili ya kuingia ndani. Harufu ya chai yenu inafika huku chini.

Mjaka


Dirishani,
19 Agosti 2024

Mjaka,

Marahaba. Sina nafasi, uji unachemka.

Machano kakaa. Juu ya mto wa sufi, upande mmoja, mguu mmoja hewani kama kuku wa mvuani, uso kaukunja, lakini kakaa, na kapiga kelele nyumba nzima ije ishuhudie. Bi Salhiya kamtazama mbele, kamzunguka nyuma, kahakikisha. Kisha kaniita mimi, kwa jina langu, kaniambia chukua kalamu. Haya ni maneno yake, sijaongeza wala sijapunguza:

"Mlango uko wazi. Leo kikapu sikivuti kwa kamba, apande nacho mwenyewe. Na akifika juu asihangaike pa kukiweka. Nyumba hii ina msumari."